Kijibwa Niliyemsuka Mabutu

Siku ya kikao cha mbwa tulikuwa watano sebuleni kwangu, Michenzani, ghorofa ya pili. Mimi mwenye nyumba. Mwanangu wa pili, mpishi wa Kendwa, ambaye ndiye aliyemleta mbwa. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, msusi wa mabibi harusi tangu tungali wasichana. Jirani wa juu, aliyenyonyeshwa na mama yangu mama yake alipougua, kwa hivyo ni ndugu yangu wa ziwa na ananiita dada. Na sheha, mkuu wa mtaa wetu, ambaye mkewe ni mtoto wa shoga yangu. Majina yao nnayo yote, na ya wazee wao, lakini mwanangu kanambia kwenye kuandika nisimtaje mtu. Basi sitomtaja. Hata mbwa simtaji.

Mbwa mwenyewe alikuwa roshani, mlango umefungwa, anatuchungulia kwenye kioo.

Kaja hivi. Mwanangu alikuwa akimpikia bibi mmoja wa Kizungu huko Kendwa, mtu mzima kama mimi. Yule bibi akaumwa, akarudi kwao kutibiwa, akamwachia mbwa amtunzie mpaka arudi. Mwanangu akapata kazi hotelini, na wanakolala wafanyakazi mbwa haruhusiwi. Akaniletea mimi, ndani ya kikapu cha ukindu. Nikaona kitu cheupe kama mwanakondoo, hakinifiki magotini. Ati ni chotara, nusu yake kabila linaloitwa pudli.

"Mama, nimepokea amana na pa kuiweka sina."

"Na mie ndo nna pa kuiweka? Mie nnasali, mwanangu."

Lakini neno amana lilishatoka, na mama yangu alikuwa akisema amana hairudishwi imeoza. Nikajipangia. Atalala roshani, ndani haingii. Bakuli lake mbali. Na kopo la udongo safi nikaliweka mlangoni, akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofunzwa chuoni, kwenye Kurani. Skuli sikufika mbali, lakini ya chuoni nliyashika.

Nikimteremsha asubuhi na alasiri, wanawake wa jengo wakinipigia kelele: "Bibi, huyo kondoo wa ghorofani tunamchinja Sikukuu?"

"Mchinjeni nyie. Mie sili."

Kosa langu lilikuwa nywele. Sikujua kama manyoya yale hayapukutiki, yanaota tu kama ya mtu. Yakaanza kusokotana. Mie nimelea wasichana watano na wajukuu juu yao, nywele za kusokotana nnajua dawa yake: mafuta ya nazi, na kusuka. Nikampaka mpaka kwenye ngozi, nikamsuka mabutu mgongo mzima, naye katulia kama mtoto mwema. Nilijiona fundi. Wiki ya tatu akaanza kunuka, anajikuna, akikaa analia. Jirani akaona ngozi nyekundu ubavuni, akatangaza ngazi nzima kuwa mbwa ana upele utakaowapata watoto.

Ndicho kikao chenyewe.

"Dada," jirani akasema, "malaika wanaupita mlango wako kwa ajili ya mbwa, tukanyamaza. Sasa na maradhi? Arudishwe Kendwa akaachiwe pwani, mbwa wenziwe wapo."

"Wenziwe wale watamrarua siku moja tu," mwanangu akasema.

Sheha akazikuna ndevu. "Bi mkubwa, mbwa mie simkatai. Nayakataa maradhi. Ijumaa ntapita. Nikimkuta na madonda, anaondoka."

"Ijumaa ipi?"

"Hii hii."

Ilikuwa Jumatatu. Nikasema moyoni: haondoki.

Kesho yake nikamtia kikapuni, nikenda kwa bwana mifugo. Alifumua butu moja tu, akatikisa kichwa. "Bibi, hapana upele hapa. Umemkaanga. Mafuta na vumbi vimegandana chini, ngozi haipati hewa." Akanipa dawa ya kupaka. Akasema nywele zote zikatwe, na zikiota achanwe kila siku, zikiwa kavu, bila mafuta. Mashine yake ilikuwa mbovu. "Tafuta mkasi na mkono usiotetemeka."

Mkono wangu unatetemeka. Nikampigia wifi.

"Mie niliyepamba mabibi harusi wa mji mzima, leo unaniita nimpambe mbwa?"

"Sikwambii umpambe. Umnyoe."

"Na najisi?"

"Wifi, we umesoma kunishinda. Mkono mkavu, mbwa mkavu, iko wapi najisi?"

Akakubali, maana anajua kama ni kweli. "Akirowa tu, naondoka."

Jumatano akaja na mkasi, kitana, na mikono kaipaka poda isitoke jasho. Tukakaa roshani, mie nimeshika kichwa, mdomo wa mbwa nimeuzungushia kanga asimlambe wifi. Akikata butu moja ananitupia jicho.

"Nani kamsuka huyu?"

"Mie."

"Ndo maana wanao walikuwa wakija kwangu wanalia."

Tulianza baada ya adhuhuri, tukamaliza inaadhiniwa alasiri. Mbwa akabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Wifi akaweka mkasi chini, akamtazama. "Kumbe kadogo hivi," akasema, na hakunikejeli tena siku ile.

Dawa nilimpaka asubuhi na jioni, sikukosa hata mara moja. Ijumaa, walipotoka msikitini, sheha akapanda na jirani. Wifi alikuwa kafika kabla yao, ati kapita tu. Sheha akachutama.

"Hapa mbona pekundu?"

"Pamekauka hapo," nikamjibu. "Panaota ngozi mpya. Gusa."

Hakugusa, lakini alitazama kila upande, hata chini ya makwapa. "Haya. Akae. Lakini asisukwe tena." Jirani akajizuia, akashindwa, akacheka.

Mwenye mbwa hajarudi bado. Mwanangu anampelekea picha. Mie kila asubuhi namchana, na nywele zikirefuka wifi anakuja na mkasi mkobani, anasema kafuata chai.

Neno moja linanitatiza. Wifi anashikilia kuwa "asisukwe tena" alisema yeye, si sheha. Nimeandika nilivyosikia. Aliyekuwepo akikumbuka vyengine, apande ghorofa ya pili anisahihishe. Mbwa atabweka, lakini haumi.