Hesabu ya Watoto Iliyokataa Kutulia

Katika ofisi ya usajili wa vizazi walimwita Bi Hesabu, na yeye alishazoea. Alianza akiwa karani wa kuandika vizazi kwa mkono, akasomea kompyuta akiwa na miaka arobaini na mbili huku wenzake wakimcheka, na sasa ndiye aliyekabidhiwa programu ya kuhesabu watoto wote waliozaliwa katika hospitali za nchi nzima kwa miaka thelathini. Kazi ilikuwa kubwa mno kwa kompyuta moja. Iligawiwa kompyuta ishirini zilizopangwa kwenye chumba cha baridi mwisho wa korido. Kila moja ilihesabu fungu lake, kisha majibu yakajumlishwa.

Jumatatu asubuhi aliiendesha programu, akapata jibu. Kwa kujiridhisha, akairudia. Jibu likapungua kwa watoto mia tatu na kumi na mmoja. Mara ya tatu likapanda tena.

"Waya, hebu njoo uone maajabu," alimwita fundi wa mitambo, ambaye jina lake halisi wengi walishalisahau.

Waya akaja na kikombe chake mkononi. "Kuna moja mbovu tu hapo. Nitazipima."

Alizipima siku mbili nzima. Zote ishirini zilikuwa buheri wa afya.

Jumatano Bi Hesabu akaachana na jumla. Aliamua kumfuatilia mtoto mmoja anayemjua, tangu anapoingia kwenye programu hadi anapotoka. Na aliowajua kuliko wote walikuwa wa kwake: mabinti zake mapacha, waliozaliwa miaka kumi na tisa iliyopita, wakapishana dakika nane.

Akaendesha, akatafuta. Wote wawili walikuwepo. Akaendesha tena. Safari hii alikuwepo mmoja.

Alijua ni maandishi tu kwenye kioo, lakini tayari alikuwa ameshika simu.

"Mko wote wawili?"

"Tupo, mama. Mwenzangu anafua. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mwambie nimemsalimia."

Akaifungua programu, akaisoma mstari kwa mstari. Hospitali huwa zinatuma fomu ileile mara mbili kwa bahati mbaya, kwa hiyo aliyeiandika programu aliiamuru ifute marudio: mama akiwa yule yule, tarehe, hospitali na jinsia vikilingana, ibaki fomu moja. Jina halikuangaliwa, maana fomu nyingi huja mtoto hajapewa jina. Mabinti zake walilingana kwa yote hayo. Ila mbona hawakufutwa kila mara?

Ndipo alipoona. Kila mara programu ilipoanza, fomu ziligawanywa upya kama karata, na kila kompyuta ilifuta marudio ya fungu lake tu, bila kujua wenzake wameshika nini.

"Ina maana mapacha wakiangukia kompyuta moja, mmoja anafutwa," Waya alisema polepole, kikombe kimesimama hewani. "Wakitenganishwa, wanapona wote."

"Na fomu iliyorudiwa kweli, ikitenganishwa, inazaa mtoto asiyekuwepo."

Dawa yenyewe haikuwa ngumu. Kila mtoto alikuwa na namba yake ya usajili, na fomu iliyotumwa mara mbili hubeba namba ileile. Bi Hesabu akaagiza fomu zote za mama mmoja zipelekwe kompyuta moja, halafu kinacholinganishwa kiwe namba. Akaendesha mara tatu. Jibu lilikuwa moja, hadi tarakimu ya mwisho.

Wangeweza kwenda kula. Lakini aliiomba programu imwoneshe mapacha wote ambao wangeweza kufutwa. Majina ya akina mama yakaanza kupanda kwenye kioo, kila mmoja na watoto wawili chini yake, mahali pengine watatu. Yakapanda dakika moja, mbili, tano. Waya akavuta kiti, akakaa.

"Maelfu," Bi Hesabu alinong'ona. "Hawa wote wapo mahali fulani, Waya. Saa hizi. Wanafua, wanagombana, wanaazimana nguo."

Majina yaliendelea kupanda, na hakuna aliyenyanyuka.