Nusu ya Ukuta wa Dada

Dada yangu alikuwa na sikio moja la kusikilizia na moja la mapambo, kama alivyopenda kusema mwenyewe. La kushoto liliharibika utotoni kwa ugonjwa. La kulia ndilo lililomlisha, tena lilimlisha pamoja na mumewe na wanawe wawili kwa miaka ishirini na mitatu, ingawa sifa zote zilikwenda kwa shemeji.

Kazi yao ilikuwa kupaka kuta rangi ya madoadoa. Labda umewahi kuegemea ukuta wa namna hiyo kwenye korido ya shule au ya ofisi: chini rangi moja tulivu, na juu yake vitone vya rangi nyingine, vingi, vimesambaa bila kugusana. Watu wanaipenda kwa sababu haionyeshi uchafu wa mikono. Ukiwatazama mafundi unadhani ni kazi rahisi. Shemeji anashika bomba la kupulizia, lina kopo la rangi juu na mpira wa hewa nyuma, anatembea taratibu mbele ya ukuta, na vitone vinaruka. Kumbe siri haiko hapo. Hewa ikizidi, rangi inakuwa ukungu na ukuta unaonekana umepigwa na vumbi. Hewa ikipungua, yanatoka matone makubwa yanayochuruzika kama pua ya mtoto mwenye mafua. Kati ya hayo mawili pana nafasi ndogo sana, nayo inahama kila mara, kwa sababu rangi inazidi kuwa nzito kadiri inavyokaa kwenye kopo na kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa, nayo inachoka.

Dada ndiye aliyekaa kwenye kompresa. Geji ya kupimia hewa ilikuwepo, lakini hakuitazama. Aliigeuzia mashine sikio lake la kulia, akashika koki ya hewa, akawa anaikaza na kuilegeza kwa kiasi ambacho mimi sikuweza kukiona. Kabla ya hapo ndiye aliyekoroga rangi, akainua kijiti na kuangalia inavyodondoka. "Bado," angesema. Kisha maji kidogo, kama kijiko. "Haya. Sasa inakubali."

Wenye nyumba walimwita shemeji Fundi Madoa. Walimpiga bega wakamwambia mkono wake umebarikiwa, naye akatazama chini kidogo, akazipokea sifa zote bila kubakiza. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kwa hawa wawili, pete ilivikwa chanda cha jirani. Mimi nilikuwa nikienda kuwasaidia kubandika karatasi kwenye madirisha yasirukiwe na rangi, na roho iliniuma. Siku moja nikamwambia dada, shemeji akiwa palepale anasikia.

"Na wewe umekaa tu unasikiliza. Si useme?"

"Niseme nini? Mwache asifiwe," alijibu. "Mwanaume akisifiwa hata njaa haisikii, na mimi napumzika kupika."

Shemeji alicheka. "Shemeji, wewe utanivunjia ndoa."

"Ndoa gani? Wewe umeoa kompresa," nilimwambia, tukacheka wote watatu. Ila mimi sikuwa natania.

Likizo iliyopita walipata kazi shuleni, ukuta mmoja mrefu wa korido usio na mlango wala dirisha. Ukuta wa madoadoa hauachwi njiani. Ukianza kona hii, unafika kona ile siku hiyohiyo, la sivyo kiungo kitaonekana maisha yake yote. Walikuwa wamefika nusu shemeji alipoona vitone vinakuwa vikubwa. Alisema bila kugeuka, "Mama, ongeza." Vikazidi kuwa vikubwa. Alipogeuka, dada alikuwa ameilalia kompresa, mkono wake ungali kwenye koki. Kilikuwa kiharusi. Alifariki siku ya tatu, na katika siku hizo zote hakusema neno.

Msibani watu walimpa shemeji pole kwa kupoteza mke na msaidizi. Msaidizi! Nililisikia neno hilo kama mara kumi, na kila mara nilimtazama shemeji nikingoja alisahihishe. Aliitikia asante, akapokea mkono wa mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo, nikajisemea, na nikamchukia. Sioni haya kusema hivyo. Nilimchukia kwa wiki nzima.

Wiki iliyofuata, wanawe wakiwa wamesharudi kwenye kazi zao za mbali, alikuja kwangu asubuhi, macho mekundu, rangi kwenye kucha.

"Shemeji, Jumatatu wanafunzi wanarudi. Njoo unishikie koki."

Nilikwenda, wala si kwa ajili yake. Nilitaka kuiona ile nusu. Tulipitia kwake kuchukua vifaa, na uani nikakuta mbao zimeegemezwa pande zote, zaidi ya thelathini, zote zimepulizwa madoadoa. Alikuwa akijaribu tangu waombolezaji walipoondoka, aikaze koki mwenyewe, akimbilie bomba, apulize, arudi kwenye koki. Hakuna ubao hata mmoja uliofanana na mwingine.

Shuleni nilisimama mbele ya ukuta. Nusu ya dada ilikuwa sawasawa toka kona mpaka karibu na katikati, vitone vidogo, kila kimoja na nafasi yake. Kisha vinaanza kukua, kidogokidogo, kwa upana wa kama hatua mbili, mpaka pale shemeji alipogeuka. Ungeweza kuweka kidole mahali ambapo dada alianza kutuacha.

Tukaweka ubao mkubwa kando ya ukuta tujaribu kufananisha. "Ongeza kidogo," shemeji alisema. "Punguza. Hapana, zaidi kidogo." Ukatoka ukungu, halafu matone, halafu ukungu tena. Mwisho aliweka bomba chini, akageuza ndoo, akaikalia.

"Shemeji, mimi nilikuwa natembeza mkono tu," alisema. "Fundi alikuwa dada yako."

Miaka ishirini na mitatu nilikuwa nayangoja maneno hayo. Nilidhani siku yakisemwa nitafurahi. Badala yake nilitamani ayameze, maana kama yalikuwa kweli, basi hapakuwa na mtu duniani wa kuumaliza ukuta ule.

Mwalimu mkuu, mama mpole aliyekuja mazishini, alitukuta hapo. Alipoelezwa shida alifikiri, akasema pale katikati patundikwe ubao mrefu wa matangazo uzibe kiungo. Upande mmoja ubaki ulivyo, upande wa pili fundi apulize atakavyoweza. Mimi nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Kuta nyingine walizopaka zilikuwa za watu, na watu wakihamia nyumba hupaka upya. Kwa ninavyojua, huu ndio ulikuwa umebaki.

Shemeji alingoja mwalimu aondoke.

"Tunaanza upya," alisema. "Kona mpaka kona."

"Huu ndio wa mwisho wake. Usiuguse, nakuomba."

"Ukibaki, na wangu ukawa hapo kando, mtu akipita hatasema huyu alikuwa bora kuliko yule. Atasema ukuta umeharibiwa. Ubao utaziba kiungo, hautaziba macho ya watu. Wewe unamjua dada yako. Angekubali?"

Nilitaka kusema angekubali. Lakini dada aliwahi kurudia sebule nzima ya mtu kwa ajili ya kona moja iliyokuwa nyuma ya kabati. Kumsingizia marehemu sikuweza.

Alileta rola mbili na ndoo ya rangi ya chini. Akanipa moja, ya pili akaishika mwenyewe, akasimama nayo mbele ya nusu ya dada asisogee. Nikaanza mimi, kwa sababu niliona yeye hataanza.

Mpako wa kwanza haukumfunika. Vitone vyake vilibaki vinaonekana kwa chini, vimefifia lakini vipo, na tulikaa sakafuni tukivitazama hadi rangi ikakauka. Mpako wa pili ulivimaliza. Nililia wakati wa mpako wa pili, rola mkononi, na shemeji alikuwa analia upande wake, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Kesho yake tulipuliza ukuta wote. Mimi nilikodolea geji macho, sikio la kazi ile sina. Vitone vyetu vilitoka vikubwa kidogo, mahali vimebanana, mahali vimeachana. Ulikuwa ukuta mzuri wa kawaida, kama kuta nyingi.

Jumatatu mwalimu mkuu alikuja kuukagua, wanafunzi wakipita nyuma yake na mabegi yao.

"Fundi, kazi ni ileile," alisema. "Mkono wako haujapotea."

"Hapana, mwalimu," shemeji alisema. "Ile kazi ilikuwa ya mke wangu. Yeye ndiye alikuwa fundi. Hii ndiyo yangu."

Mwalimu aliutazama ukuta tena, kwa heshima, kwa muda mrefu, akitafuta.

"Mimi sioni tofauti," alisema kwa upole.

Shemeji aliinua mkono ili amwonyeshe, kisha akaushusha, maana hapakuwa tena na cha kuonyesha.