Waliandika Hana Mapigo, Naye Anashona

Saa moja asubuhi mjini Ibra, Asya Nasser anakata kitambaa cha kanzu sebuleni kwake. Waya mweusi unatoka ubavuni mwake hadi kwenye kisanduku kidogo kiunoni. Betri mbili ziko ndani ya mkoba begani. Akishika sindano, havui subana kidoleni. Anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na kwake kuchomwa kidogo tu ni kutoka damu nyingi.

"Mkono huu una kasoro gani?" anauliza, mkasi juu. "Nionyeshe!"

Asya, mwenye miaka arobaini na tisa, alishona sare za shule miaka kumi na saba katika kiwanda kimoja. Mwaka juzi moyo wake ulipanuka, ukachoka. Ngazi tatu zilimtoa pumzi, miguu ikavimba, akawa analala ameketi. Madaktari wakampandikiza pampu.

Pampu hiyo huvuta damu kutoka chumba cha kushoto cha moyo na kuisukuma kwenye mshipa mkuu mfululizo, bila kituo. Moyo hutuliwa mzigo, na mwili hupata damu yake. Lakini kwa kuwa damu haiendi kwa mikupuo, ukimshika mgonjwa mkono mara nyingi hutahisi mapigo.

Baada ya miezi mitano Asya alirudi kiwandani kwa miguu yake. Mpimaji wa afya wa kiwanda akamshika mkono, akabadilisha mashine ya kupimia mapigo mara tatu, kisha akaandika: "Mapigo: hakuna. Hafai kazi."

"Nikamwambia, 'Mwanangu, maiti husema nawe?' Akanambia fomu haina nafasi ya maelezo."

Barua ya daktari wake wa moyo ilirudishwa haijafunguliwa. Msimamizi wake, Khattab, alikutana naye mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Samahani, Bi Asya. Khalas, yamekwisha, amri imetoka juu."

"Juu wapi? Kwa Mungu? Mungu ndiye aliyenirudisha!"

Binti yake, Reem, anasema siku ile mama yake alilia njia nzima, kwa hasira. "Nilimsihi anyamaze. Akanambia, 'Nikinyamaza watakuwa wamesema kweli.'"

Asya amepeleka malalamiko idara ya kazi, na Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, yatasikilizwa. Daktari wake ameahidi kufika.

"Sitaki huruma ya mtu," anasema. "Nataka cherehani yangu, na fomu ile waichane. Wengine watakuja nyuma yangu na pampu hizi. Wasiandikiwe kwamba wamekufa, nao wamesimama pale wanasubiri kazi."