Nilijifanya plasmidi ili binamu yangu ahame, koki ya tenki ikaniumbua

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Nianze na ujinga wangu: siku kadhaa nilikuwa nafunga koki ya tenki la maji kwetu Mbagala, halafu naifungua mwenyewe nikijifanya fundi. Sijaongeza chumvi.

Chanzo ni binamu yangu Zakayo, kaja toka Songea kusoma. Tunalala kitanda kimoja. Mama akasema chumba hakitutoshi, mwisho wa mwezi mmoja wetu atahamia kwa mjomba, Kigamboni.

Hakusema nani.

Na jamaa anaosha vyombo bila kutumwa! Mama akawa anampa kichwa cha samaki. Kile kichwa kilikuwaga changu, wakuu.

Wiki hiyo hiyo ticha wa Bayo akafundisha plasmidi: viduara vidogo vya DNA, wapangaji ndani ya bakteria. Vya aina moja vikipanga seli moja havidumu pamoja. Seli zikigawanyika weee, kimoja kinapotea.

Nikajisemea, mie na Zakayo hao.

Ila kuna vyenye roho mbaya. Vinatengeneza sumu pamoja na dawa yake. Dawa inaisha haraka, sumu inadumu. Seli ikipoteza kiduara, dawa haitengenezwi tena, inakufa. Yaani mpangaji hafukuziki!

Basi nikafunga koki: hiyo ndiyo sumu yangu, na dawa yake ni mie fundi.

"Beni, maji hayatoki!" Mama anaita.

Nashika spana, nazunguka nyuma, maji hayo.

"Bila wewe ningefanyaje?" Nilivimba.

Siku ya tatu nikafunga, nikatega sikio. Haniiti mtu, maji yanatoka tu. Ya nne, vilevile. Ya tano nikaikaza kwa hasira, ikakatikia mkononi. Tenki zima likamwagika uani, na bomba la mtaa lilikuwa halijatoa wiki nzima.

Zakayo akaja mbio, akaziba na tisheti yake.

Mama akamuuliza, "Umejuaje pa kuziba?"

"Shangazi, si tangu juzi kila asubuhi naifungua mie? Nilidhani Beni anaifunga tusimalize maji."

Wala hakuwa ananichoma. Hapo ndipo paliponiuma.

Kumbe ticha alimalizia: akija mpangaji mwingine mwenye dawa ileile, sumu yako si kitu. Mie muda huo nilikuwa namchora ticha katuni.

Nilichojifunza: wivu unasoma nusu ya somo. Nipondeni tu, na aliyewahi kugombania mama na binamu aje na yake. Alichosema mama, neno kwa neno:

"Aliyekuwa anahama ni Zakayo. Sasa kausha hapo uani, halafu panga nguo zako kwenye begi."