Vidole Vinne vya Chini ya Pipa

Iko asubuhi moja ambayo ingali mbele ya macho yangu, mwanangu. Nilisimama nyuma ya kibanda cha mafuta, nikimchungulia mtu mzima kama mwizi anavyochungulia nyumba. Mtu huyo alikuwa Papa Sefu, dereva mkubwa kuliko sisi wote. Na mimi, niliyekuwa nimejificha, ndiye niliyejiona mwaminifu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mji wetu wa Kalemie ungali unaitwa Albertville. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Shule nilisoma kidogo, lakini kamyo, yaani lori, nilijua kuiendesha. Bwana wetu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, na alikuwa na kamyo mbili zilizokwenda Nyunzu na vijiji ambavyo treni haifiki. Moja ilikuwa na injini ya zamani ya silinda sita, nzito, yenye sauti kama mzee anayekohoa. Hiyo aliiendesha Papa Sefu. Nyingine ilikuwa na injini mpya ya silinda nne, nayo nilipewa mimi.

Bwana alitaka kuagiza kamyo nyingine tatu, ila hakujua achague injini ipi. Akatuambia tupime wenyewe: mzigo sawa, barabara moja, miezi miwili, tuone ipi inakunywa mazutu kidogo na ipi haisumbui njiani. Mazutu ndiyo dizeli, ndivyo tunavyoiita huku kwetu. Akasema pia kwamba injini yangu ikishinda, nitakuwa mkubwa wa madereva wa zile mpya. Neno hilo lilinikaa kichwani kuliko maneno mengine yote.

Kipimo chetu kilikuwa pipa. Kila safari dereva alifunguliwa pipa lake, akajaza tangi. Tukirudi, tulitumbukiza ndani ya tangi mwanzi uliochongwa mistari, tukaona kilichobaki. Safari ya kwanza, kamyo ya Papa Sefu ilikunywa kuliko yangu kwa karibu debe moja. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Hapo ndipo shaka iliponiingia. Nilijiambia kwamba injini haiwezi kuzidisha kiasi kilekile kila mara, kukiwa na matope au kukiwa na vumbi. Huo ni mkono wa mtu. Na nikuambie ukweli, mwanangu: katika hilo sikukosea. Ulikuwa mkono wa mtu kweli.

Madereva wenzetu walikuwa wakimtania. Mmoja alimwambia, "Papa Sefu, moteri yako inakunywa kama mulevi."

Naye akajibu bila kuinua uso, "Yangu inachagua kinywaji. Ya huyu kijana inakunywa yote inapewa."

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Niliona anaficha kitu kwa mzaha, nikaanza kumfuata kwa macho. Ukishamshuku mtu, kila kitu chake kinakuwa ushahidi. Alivaa kofia mpya siku ya Idi, nikajiuliza ameipata wapi. Alisalimiana na watu wengi barabarani, nikajiuliza ni wateja wa nini.

Ndipo ikafika asubuhi ile. Nilimwona akivuta mazutu kwa mpira kutoka kwenye pipa, kisha akaingiza kijiti ndani, akakitazama, akaacha kuvuta. Chini kulikuwa kumebaki kiasi cha vidole vinne. Akalipindua pipa, akamimina masalio yale ndani ya debe, akalifunika kwa gunia. Saa sita mchana alikuja mzee mmoja wa mtaani kwake, akajitwika debe, akaondoka nalo. Hawakusemezana hata neno.

Sikumwendea Papa Sefu. Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana.

Bwana alimwita palepale kwenye kibanda, mbele yetu sote, akamuuliza kama ni kweli anamimina mazutu na kumpa mtu. Papa Sefu akasema ndiyo. Alifungua mdomo aendelee, lakini bwana alikuwa ameshasikia lile ndiyo, na halikuwepo lingine alilotaka kusikia. Akamnyang'anya ufunguo. Papa Sefu alichukua koti lake kwenye msumari. Alipopita karibu yangu alinitazama mara moja tu, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayetafuta jina la yule aliyesimama mbele yake.

Kamyo yake akapewa dereva mwingine, na bwana akaanza kusema wazi kwamba ataagiza silinda nne.

Hazikupita wiki tatu. Nilikuwa napanda mlima upande huu wa Nyunzu, magunia yamejaa, mvua inanyesha. Injini yangu mpya ikaanza kukatakata, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Kamyo ikarudi nyuma, ikaegemea ukingo wa barabara. Nilishinda hapo siku mbili na mahindi ya watu yakilowa.

Tulipovutwa hadi mjini, fundi alifungua pompi ya mazutu. Ndani kulikuwa na kutu. Hakunigombeza. Alikwenda kwenye pipa nililokuwa nimelimaliza, akatafuta tone la mwisho, akalikinga kwenye chupa, akaiweka juani. Tukasubiri. Mazutu yakapanda juu, na chini yakabaki maji, mekundu kwa kutu.

"Mapipa yanalala nje kwenye mvua," akaniambia. "Maji yanaingia kwenye kizibo. Wazee hawagusi vidole vinne vya chini. Papa Sefu hakukuambia?"

Nikamwambia sikumuuliza.

Akanieleza pia kwamba masalio yale hupakwa kwenye nguzo za nyumba, mchwa wasile. Yule mzee alikuwa anajenga. Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara ya Papa Sefu.

Nilikwenda kwa bwana nikamweleza yote. Akasikiliza, akasema kamyo tayari ina mtu, na dereva si kipuri cha kufungua leo na kurudisha kesho. Baadaye alitupimisha upya, kila injini ikinywa mazutu yaliyotulia na kuchujwa kwa kitambaa. Ile mpya ilikunywa kidogo kweli, lakini tofauti ilikuwa vikombe, si debe. Na ile ya zamani ilivumilia uchafu ambao mpya haikuuvumilia. Huo ndio ulinganisho wa haki, nao ulikuja mtu akiwa ameshafukuzwa.

Kisha nilikwenda nyumbani kwa Papa Sefu. Alikuwa anashona wavu wa shemeji yake. Nilisema kosa langu mbele ya mke wake na watoto wake, nimepiga magoti. Alimaliza tundu alilokuwa akishona, kisha akauweka wavu chini.

"Siku ile uliniona na debe," akasema. "Juu ya nini haukuniuliza, sababu gani?"

Nilimwambia anitume lolote.

Alinituma jambo moja tu: nikaseme maneno yaleyale kwenye kibanda, mahali nilipomharibia jina. Nilikwenda, nikayasema mbele ya madereva wote. Lakini hakurudi kazini, na mvua zilizofuata kifua kilimchukua. Nilisaidia kuchimba kaburi lake. Nililia nikiwa ndani ya shimo, kwa sababu mle hakuna aliyeniona.

Basi, mwanangu, wewe unayeshika usukani sasa, usikie. Ukitaka kulinganisha vitu viwili, hakikisha kwanza vimelishwa sawa. Mtu akikuambia injini hii hainywi, muulize alipima vipi, na alitaka ipi ishinde. Mimi bado nawashuku wanaopima, nikianza na mimi mwenyewe. Na ukimshuku mtu, nenda kwake kwanza, miguu yako ikiwa bado haijafika kwa yule anayeweza kumnyang'anya mkate. Muulize kwa heshima, kisha ungoje, hata akishasema ndiyo, mpaka amalize.

Mungu akulinde njiani na mizigo yako. Akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mzito wa kushtaki. Na siku utakapofika kwenye mlango wa mtu uliyemkosea, umkute yu hai.