Sufuria ya Mama kwa Bibi Kuni

Wenzangu tuliotoka kambi ya wakimbizi Kigoma tukiwa wadogo, tukashushwa Buffalo, Marekani, katikati ya baridi na makoti ya msaada yaliyotufika magotini, leo nimewakumbuka. Wengine mmehamia Louisville, wengine mko Columbus na nyumba zenu nzuri kule Gahanna, lakini najua hamjasahau gari la kanisa. Jumamosi lilitukusanya Bailey Avenue, tukabanana ndani tukiimba mapambio mpaka vioo vikajaa ukungu, tukaenda milimani kusini kuteleza kwenye theluji.

Enzi hizo kijiji kile cha milimani kilikuwa kijiji kweli. Duka moja, kituo cha mafuta, na mlima wenye lifti moja ya kuwapandisha watelezaji juu, iliyolia kama mlango mkavu. Lifti hatukuipanda, nani angetulipia? Sisi tuliteleza kwenye kilima cha pembeni, mali ya bibi mmoja Mzungu aliyeishi peke yake. Baba alituletea maboksi kutoka ghalani alikofanya kazi, hayo ndiyo yakawa magari yetu. Glovu zilikuwa soksi. Ndani ya viatu tulivaa mifuko ya mkate ili maji yasiingie, na bado yaliingia. Tulishuka watatu watatu juu ya boksi moja, tukapinduka, tukala theluji, tukapanda tena.

Siku ya kwanza Mama, aliyetusindikiza, alisimama akaitazama nyumba ya yule bibi. Kuni zimepangwa ukutani mpaka dirishani, moshi unatoka juu ya paa. Akashika mdomo. "Yoo, maskini! Kumbe na huku kuna watu bado wanapikia kuni?"

Mnakumbuka kuni zilivyokuwa kwetu. Mama zetu walizifuata mbali nje ya kambi, wakarudi jioni migongo imepinda, na wengine hawakurudi salama. Kwa hiyo Mama hakuona mtu anayeota moto wake kwa raha. Aliona mwanamke mzee mwenye shida, hana wa kumtuma. Jumamosi iliyofuata akaja na maharage ya mawese kwenye sufuria yake ya kambini, ile yenye alama ya msalaba aliyoikwaruza chini kwa msumari ili isipotee kwenye sherehe za watu.

Mkalimani nilikuwa mimi. Mlango ulipofunguliwa nikaona jiko la umeme, kubwa kuliko letu. Nikamwambia Mama. "Nyamaza," akasema. "Hilo la kuonyesha wageni." Yule bibi alipoelewa kilichomleta Mama alicheka mpaka akafuta machozi, lakini chakula akakipokea. Sisi watoto tukambatiza Bibi Kuni.

Wiki iliyofuata akarudisha sufuria imeoshwa, inang'aa, na tupu kabisa. Mama alinuna njia nzima. Kwetu chombo cha mtu hakirudi hivihivi, unatia hata chumvi kidogo. Safari nyingine, bila kutumwa, nikamnong'oneza Bibi Kuni jambo hilo. Tangu hapo sufuria ikawa inarudi na tufaha, mayai, na mara moja soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Lugha moja hawakuwa nayo, ila waliweza kukaa mbele ya ule moto mpaka tukaitwa garini, kila mmoja akizungumza yake. Nje ya kanisa, Mama hakuwa na rafiki mwingine Marekani.

Kisha kijiji kikaanza kukua. Lifti zikaongezeka, hoteli zikasimama, yakaja maduka ya kahawa na magari yenye namba za Ohio na Kanada. Zikaletwa mashine za kutema theluji. "Wanatengeneza theluji?" Mama akauliza. "Kwani hii haiwatoshi?" Tulicheka sana. Kodi ya ardhi nayo ikapanda, Bibi Kuni ikamshinda, akauza nyumba na kilima akahamia kwa binti yake. Aliondoka wiki ambazo dhoruba ilitufungia Buffalo. Hawakuagana, na sufuria ilikuwa kwake.

Majira haya ya baridi Mama akaniambia twende tukaifuate. Nikamwambia sufuria zimejaa madukani. "Nataka yangu," akasema. Nilijua anachotaka ni habari za mwenzake, na niliogopa habari zenyewe. Akapika maharage, akayatia kwenye hotipoti, tukaenda na binti yangu Keza.

Keza alivaa helmeti, miwani na glovu zenye betri, akaanza kujirekodi hata gari halijasimama. "Mama, where's the line?" akaniuliza. Watoto wa siku hizi wanapanga foleni ili waanguke. Kilima chetu sasa kina tiketi na muziki, na nyumba ya Bibi Kuni imekuwa mapokezi ya hoteli. Moto bado unawaka, wageni wanaupiga picha.

"Wanapika nini?" Mama aliuliza.

"Hawapiki, Mama. Wanauangalia tu."

Kando ya moto alikuwa ameiona sufuria yake, imejaa vijiti vikavu vya kuwashia, vimefungwa kwa utepe mwekundu. Akaiinua akatazama chini. Msalaba upo.

Msichana wa mapokezi alisema waliikuta hivyo hivyo walipoinunua nyumba, imewekwa mlangoni, na kwa sababu ilipendeza hawakuigusa. Bibi mwenyewe alifariki huko kwa binti yake. Nikamtafsiria Mama. Akakaa kwenye kiti cha wageni akalia, nami nikalia naye.

Msichana akaturuhusu tuichukue. Nilipotaka kuvitoa vile vijiti iwe nyepesi, Mama akanishika mkono. "Acha. Amenirudishia." Hotipoti akamwachia yule msichana, aliyekuwa kazini tangu asubuhi. Keza akamwonya kwa Kiingereza chake asije akairudisha tupu: "You can't give it back empty."

Wenzangu, kijiji chetu kimekuwa mahali pa watu wenye nafasi, nasi tumekuwa watu wa hita na jiko la gesi. Nakiri naikumbuka ile baridi ya soksi mbichi. Sufuria iko jikoni kwa Mama, North Buffalo, kwenye fleti ambayo kengele ya moshi hulia hata ukikaanga kitunguu. Hakuna pa kuwasha kuni. Juzi nilimkuta ameishusha kabatini, ameufungua utepe, anavipangusa vumbi vijiti kimoja kimoja na kuvirudisha.