Lugha ya Uani

Nikinusa marashi ya waridi, hata leo, namtazama dada yangu usoni.

Utotoni, kule Temeke, tulitunga lugha yetu ya uani. Sheria kubwa aliiweka yeye: hakuna kutaja kitendo bila kumtaja aliyekitenda. Kitu hakivunjiki chenyewe, fulani kakivunja.

Siku moja chupa ya marashi ya mama ilikutwa vipande vipande, chumba kizima kinanukia. Mama akamfukuza msichana wa kazi, akaondoka analia na kibegi chake.

"Dada, nani kaivunja?" nikamuuliza kwa lugha yetu.

Akanijibu kwa Kiswahili, "Imevunjika tu."

"Iseme kwa lugha yetu."

Akachukua ufagio, akafagia ua uliokwishafagiliwa. Toka siku ile, mie na yeye ni Kiswahili tu.